Ng'ombe wa Jaladani: Safari Yangu ya Ruiri

Asubuhi ya Alhamisi nilifunga duka langu hapa Embu, nikabandika karatasi mlangoni yenye maneno "Nimetoka, nitarudi", nikaondoka kwenda kumtafuta mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye mtaani ananisimamisha aniulize kulitokea nini huko, na nikianza kusimulia ananikatiza kabla sijafika Chuka. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja. Tulieni msome.

Sababu ya kuondoka ni hii. Mnajua mimi nauza madaftari, kalamu na vitabu vya shule, na wateja wakipungua huwa naandika hadithi za watoto. Kampuni moja ya vitabu ilichukua hadithi yangu moja, ikampa mchoraji wa Ruiri kule Meru, kijana anayeitwa Mwenda. Kazi yake ya kila siku ni kuchora kuta za maduka ya dawa za mifugo: ng'ombe, kuku, mbuzi, na bei ya dawa ya kupe. Tulifanya kazi kwa simu tu. Mimi nilituma maneno kwa mhariri, Mwenda akatuma picha, mhariri akaunganisha. Kikatoka kitabu kinaitwa Nani Amekula Maharagwe? Ndani yake maharagwe ya watu yanaliwa, na kijiji kizima kinamsaka mwizi. Wanashuku nyani, wanashuku ndege, wanashukiana wenyewe kwa wenyewe. Lakini kila ukurasa, nyuma ya mti au nyuma ya choo, kuna pembe ya ng'ombe imechungulia, na mtoto anayetazama anapiga kelele, "Ni yule! Ni yule pale!" Mwishoni ng'ombe anakutwa amelala, tumbo limejaa kama gunia.

Basi kitabu kikashinda tuzo! Kitabu bora cha picha cha watoto, jamani! Siku nilipopigiwa simu nilipiga vigelegele dukani mpaka mteja aliyekuwa anachagua rula akaiweka chini akatoka. Waandaaji wakasema sherehe itafanyika hapa hapa Embu, siku ya Ijumaa, na kwamba tuzo ya kitabu cha picha wanapewa watu wawili pamoja, mwandishi na mchoraji. Mmoja asipofika, inakwenda kwa kitabu kilichofuata. Nikasema hilo si neno. Nikashonesha nguo, nikaalika ukoo.

Jumatano jioni, nguo bado iko kwa fundi inatiwa vifungo, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: "Madam, mimi sitakuja. Hii kitabu imenikosanisha na watu. Niombee msamaha kwa hao wakubwa." Nikampigia Mwenda. Simu imezimwa. Nikapiga tena, nikapiga mpaka sikio likapata moto. Imezimwa! Kitabu cha ng'ombe anayekula maharagwe kinamkosanishaje mtu na watu? Hasira zilinipanda, kisha ikaniingia hofu, na kulipokucha nilikuwa tayari nimevaa viatu.

Nkubu tulisimama ili dereva ajaze mafuta, nami nikashuka kununua ndizi. Pale sokoni, kando ya mafungu ya parachichi, nikaona kitu kilichonifanya nisahau ndizi. Msichana mdogo ameketi juu ya gunia, miguu inaning'inia, anasoma kitabu changu! Nilikuwa sijawahi kukiona mikononi mwa mtoto ambaye mimi mwenyewe sikumpa.

"Unakipenda hicho kitabu?" nikamuuliza.

"Ii," akaniitikia bila kuinua kichwa.

"Mimi ndiye niliyekiandika."

Hapo aliniangalia. Aliniangalia vizuri, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Na hii ng'ombe, ni wewe ulichora?"

"Hapana, mimi niliandika maneno."

"Aaa," akasema, akarudi kwenye kitabu chake. Mama yake, aliyekuwa akiuza hapo, alicheka mpaka parachichi moja likamdondoka, akanipa ndizi mbili za bure kunifariji. Nilirudi garini nimenuna kidogo, nisiwadanganye. Lakini nilikuwa pia na furaha, maana yule mtoto alikuwa amefika katikati ya kitabu na hakutaka mtu amsumbue.

Meru mjini nilifika jua likiwa juu, nikaambiwa magari ya Ruiri yametoka na mengine yanangoja abiria. Mimi na kungoja hatupatani. Karibu na stendi palikuwa na bucha, na mwenye bucha alikuwa amesimama mlangoni ananoa kisu, mtu mzima mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizotiwa hina. Nikamsalimu, nikamuuliza kama kuna njia nyingine ya kufika Ruiri haraka. Kitabu nilikuwa nimekishika kwapani. Aliacha kunoa, akainama kukitazama.

"Hee! Huyu ng'ombe namjua," akasema.

"Huu ni mchoro, baba."

"Mchoro wa nani? Mama, mimi nimenunua ng'ombe tangu sijaota ndevu. Pembe moja imeinama chini, baka jeupe juu ya jicho. Huyu ni Kairu wa Mama Kananu, kule Ruiri. Naenda kumchukua leo. Kesho atakuwa hapa," na akagonga kigogo cha kukatia nyama.

Jamani! Nilifungua kitabu, nikatazama ng'ombe, nikamtazama yule mzee, nikatazama kile kigogo. Nilikuwa nikidhani Mwenda alimtoa ng'ombe wetu kichwani, kumbe ana jina, ana mwenyewe, na anasubiriwa na kisu!

"Kwa nini anamuuza?" nikauliza.

"Mwenyewe ananiambia kwa simu watu wanamcheka. Ati ng'ombe wake ameandikwa mwizi kwenye kitabu." Akanikazia macho. "Ndiyo hiki?"

Nikamwambia ndiyo hiki, na mwandishi ni mimi, na nipo chini ya miguu yake anipeleke Ruiri. Yule mzee, jina lake Salimu, alicheka kicheko cha kutikisa mabega. "Ingia mbele," akaniambia. "Leo biashara hii ina utamu."

Njiani kwenda Ruiri migomba iliisha, kahawa ikaisha, nchi ikafunguka. Sisi wa Embu tumezoea mlima kutuzuia upande mmoja, lakini huku ukitazama mbele macho yanakwenda tu mpaka yachoke. Nyasi zimekauka rangi ya majani ya chai iliyokwisha kuchemshwa, upepo unavuma bila adabu, na ng'ombe wako kila mahali. Mzee Salimu alikuwa akinionyesha kwa kidole huku anaendesha. Huyo ni wa fulani. Yule mwekundu aliumwa mwaka juzi akapona. Wale mapacha ni wa mwalimu. Nikamwambia kwetu Embu sisi hatujui ng'ombe wa jirani kwa sura namna hiyo. "Basi huku utafungwa," akanijibu. "Huku mtu anaweza kukosea jina la shemeji yake, lakini ng'ombe hakosei."

Nilimsihi asimchukue Kairu kabla sijazungumza na mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Mimi ni mfanyabiashara, mama. Lakini nikifika kwa mtu nakunywa chai kwanza, na Mama Kananu chai yake ni ya moto. Muda wa kikombe kimoja ni wako."

Ruiri kwenyewe Mzee Salimu alinishusha penye maduka, akaendelea na pikapu yake kwa Mama Kananu, nami nikabaki nikitafuta mtu nisiyemjua sura. Sikuhangaika. Ukuta wa duka la dawa za mifugo ulikuwa na ng'ombe mkubwa kuliko mlango, macho yake yana unyevu kabisa, hata nikanyoosha mkono nikamgusa pua. Juu ya ngazi, kijana mrefu mwembamba mwenye rangi mpaka kwenye nyusi alikuwa anamalizia mkia wa jogoo.

"Mwenda!" nikaita.

Aliijua sauti yangu ya simu. Nusura aanguke na kopo la rangi. "Madam? Ati umekuja mpaka huku?"

"Shuka! Shuka haraka, ng'ombe wako anauzwa bucha!"

Alishuka, uso umebadilika, na tukaondoka kwa miguu ya haraka huku akinieleza. Kumbe baada ya habari za tuzo, shule ya Ruiri ilipewa vitabu. Watoto walipofungua tu walipiga kelele, "Kairu! Kairu ya kina Kananu!" Tangu siku hiyo Mama Kananu hana raha. Akipita na ng'ombe wake, watoto wanaimba wimbo wa maharagwe. Akipeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, wanawake wenzake wanafunua mtungi wananusa: "Hii maziwa iko na maharagwe ndani?" Wanacheka. Hao kina Kananu ni jirani wa kina Mwenda, ua kwa ua, na kwa miaka yote Mama Kananu alikuwa akiwapelekea maziwa. Sasa hapeleki. Mama yake Mwenda ananunua ya pakiti, na hawasalimiani.

"Sasa nitaendaje Embu kupigiwa makofi," Mwenda akaniuliza, "na jirani analia? Nikirudi nitapita wapi?"

Nilikuwa nimekuja na maneno makali tayari mdomoni, lakini nilipomtazama yaliniishia yote.

Nyumbani kwa Mama Kananu tulikuta chai imefika nusu ya kikombe. Mzee Salimu ameketi, na mbele yake, amefungwa kwenye nguzo, ni yeye mwenyewe: Kairu! Mweusi ti, pembe ya kushoto imeinama, baka jeupe juu ya jicho. Nilishika mdomo. Mimi nimemwandikia huyu ng'ombe hadithi nzima, na yeye amesimama pale anatafuna, hana habari nami. Nilitaka kumkumbatia, kweli kabisa.

"Muga," nikasalimu.

"Muga," akaitikia Mama Kananu. Ni mwanamke wa umri wangu, mfupi, mikono imara, na siku ile hakuwa na tabasamu la kumpa mtu. "Wewe ndiye yule wa Embu. Nasikia mnapewa zawadi. Mmekuja kuniambia niwapigie makofi?"

"Nimekuja kukuomba usimuuze Kairu."

"Kwani utamchunga wewe? Mimi kila mahali naitwa Mama Mwizi. Mtoto wangu amekataa kwenda shule. Hiyo ng'ombe nimeilea tangu ikiwa ndama, mama yake alikufa nikaipa maziwa na chupa. Unafikiri napenda kuiuza?" Akageuka kuangalia upande mwingine.

Nikasema upesi kwamba kitabu kinachapishwa upya, kwamba ninaweza kumpigia mhariri sasa hivi Mwenda achore ng'ombe mwingine, wa kahawia, mwenye pembe sawa, asiyefanana na ng'ombe wa mtu yeyote. Nilijiona nimepata dawa. Mama Kananu alinigeukia amewaka.

"Umtoe? Ndiyo watu waseme aliiba kweli, mpaka akafukuzwa kwenye kitabu?"

Mzee Salimu alikohoa chai. Nami nikakaa chini. Mwenda alikuwa amesimama karibu na ua, anatazama vidole vya miguu yake. Ndipo nikatambua kitu. "Mama Kananu," nikasema, "wewe hiki kitabu umekiona?"

"Nikione cha nini? Nimekisikia cha kutosha."

Nikakitoa kwapani, nikampa. Alisita. Akapangusa mikono kwenye leso, akavuta kigoda chake cha kukamulia, akaketi, akafungua. Nikaanza kumsomea maneno yangu kwa sauti, vile huwa nasoma shuleni, na mbwembwe zote. Aliinua mkono. "Ngoja kwanza, niangalie."

Aliangalia. Jamani, sijawahi kuona mtu akiangalia kitabu vile. Hakutazama maneno hata kidogo. Alikuwa anapita na kidole juu ya picha kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni: kwato, mgongo, sikio. "Hata hii kovu ya kupe ameiweka," akasema peke yake. Kwenye ukurasa ambapo pembe ya Kairu inachungulia nyuma ya choo, mdomo ulimcheza, akaukaza. Akafika mwisho, akamtazama Kairu amelala na tumbo lake. Halafu hakukifunga. Alirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa kwanza kabisa, akasimama hapo.

"Mwenda," akaita. "Njoo hapa. Hii geti ni ya nani?"

Niliinama nitazame. Ukurasa wa kwanza ni shamba la maharagwe asubuhi, mabichi, yamependeza. Kwenye kona ya chini kuna ua wa fito, na kwenye ua kuna geti. Geti liko wazi. Nimeusoma ukurasa ule darasani mara ngapi sijui, nimeusoma mbele ya walimu, mbele ya waamuzi wa tuzo, na sikuwahi kuliona lile geti.

Mwenda alikuja, akatazama, akarudisha macho kwenye vidole vya miguu yake.

"Nimekuuliza. Ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Na nani aliacha wazi?"

Upepo ulivuma, Kairu akapiga mkia. "Ni mimi," Mwenda akasema. "Ile siku nilipita na ngazi asubuhi, nikasahau kufunga. Ndiyo Kairu akaingia akakula maharagwe ya mama yangu. Mama akaambia watu Kairu alivunja ua. Mimi nikaogopa kusema. Lakini nikichora sikuweza kuifunga, mkono ulikataa."

Kumbe maharagwe yenyewe yalikuwa ya kweli! Hadithi niliyoitunga mimi Embu ilikutana na jambo lililotokea Ruiri, Mwenda akaona ni lile lile, akalichora lilivyokuwa. Mzee Salimu aliweka kikombe chini, akapiga paja. "Basi imekwisha!" akasema. "Mama, wewe wa Embu hujui. Huku ng'ombe akivunja ua, mwenye ng'ombe ana kosa. Akipita palipofunguliwa, mwenye shamba anyamaze. Hiyo ndiyo sheria yetu, hata mtoto anaijua."

"Na haikuvunja," akasema Mama Kananu. Alikuwa amesimama, amekishika kile kitabu kifuani. "Haikuvunja! Nilisema haikuvunja, nani alinisikiliza? Na iko hapa. Imechorwa hapa, imepewa zawadi hapa!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akaenda akamshika Kairu shingo, akamwambia kitu kwa Kimeru kwenye sikio. Nilikuwa nimesimama nami bila kujua nimesimama saa ngapi.

"Sasa mimi ng'ombe sina," akalalamika Mzee Salimu, lakini macho yake yalikuwa yanacheka.

"Huna," Mama Kananu akamjibu. Kisha akamgeukia Mwenda, na kicheko kikaisha. "Wewe ni mtoto wa nyumbani, sitaki mbuzi yako ya faini. Lakini nilitukanwa mbele ya watu. Si hapa nyuma ya nyumba. Utasema mbele ya watu, kama vile ulivyosema hapa. Hiyo mkutano yenu ya Embu iko na watu?"

"Wengi," nikajibu mimi kwa haraka. "Ukumbi mzima!"

"Basi atasema huko. Na mimi nitakuwepo nisikie. Asiposema, Mzee Salimu atarudi."

Mwenda alipauka. Mtu huyu, aliniambia mwenyewe, hata kanisani wakiombwa wageni kusimama yeye hujificha, na kwao si mgeni. Lakini Mama Kananu alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na kikombe cha maziwa, akampa. Mwenda alikipokea kwa mikono miwili, akakinywa chote bila kupumua. Mzee Salimu naye akaomba chake, akisema angalau asirudi Meru mikono mitupu.

Alfajiri ya Ijumaa, nikiwa nimelala kwa Mama Kananu, niliamshwa na mlio wa maziwa yakigonga ndoo. Alikamua, akaoga, akavaa koti la kanisani, na tukaanza safari sisi watatu. Mwenda alikuwa ameshika bahasha ya picha zake za kwanza na midomo ilikuwa inamcheza bila sauti. Anajifunza lile neno lake. Nilimwambia ni maneno machache tu, hata kasuku angeyasema. Hakucheka.

Nkubu tulishuka kubadilisha gari, nami nikaingia kulipia viti. Nilipotoka Mwenda hayupo! Nilizunguka, nikaita, nikauliza wauza parachichi. Nikamwona ng'ambo ya barabara, amejipanga kwenye foleni ya magari ya kurudi Meru, bahasha imebanwa kifuani. Nilikuwa nataka kupiga kelele, lakini Mama Kananu alinizuia kwa mkono, akavuka mwenyewe. Hakumshika, hakumgombeza. Alisimama kwenye foleni nyuma yake. Sijui walisema nini. Baada ya muda wote wawili wakavuka kuja upande wetu, Mama Kananu mbele na Mwenda nyuma, akaingia garini akafunga mkanda.

Baada ya Chuka, Mama Kananu amesinzia begani kwangu, nilipata nafasi ya kufikiri. Niliwaza juu ya yule mtoto wa gunia, vile alivyonitupa mara tu aliposikia si mimi niliyechora. Nilikuwa nimekasirika, lakini alikuwa na haki yake. Mimi niliamini hadithi ni maneno yangu, na picha ni mapambo ya kuvutia wateja. Wenye kutazama walikuwa wanasoma hadithi ambayo mimi mwandishi sikuijua. Hilo ndilo nililojifunza, na limenifurahisha kuliko kuniumiza, kwa sababu kitabu kilichoshinda ni kizuri kuliko kile nilichodhani nimeandika.

Embu tulifika wimbo wa taifa umeshaimbwa. Fundi alikuwa ameniletea nguo mlangoni, nikaivaa chooni, vifungo viwili havipo. Ukumbi umejaa pomoni: walimu, watoto wa shule, ukoo wangu wote, na wageni wa heshima waliotoka Nairobi. Mama Kananu nilimketisha mstari wa tatu. Wakatuita. Tukapanda, tukapewa tuzo tuishike pamoja, kamera zikamulika.

Mshereheshaji akaniomba niseme. Nilisema kidogo, ambalo ni jambo geni kwangu. Nikampa Mwenda maikrofoni.

Akasimama. Akatazama sakafu. Ukumbi ukangoja, ukaendelea kungoja, mtu mmoja akakohoa. Mshereheshaji akanyoosha mkono kuichukua maikrofoni amsaidie, nami, Mungu anisamehe, nikampiga ule mkono.

"Mimi naitwa Mwenda," akasema, sauti haina nguvu. "Natoka Ruiri." Akainua kichwa. "Hiyo ng'ombe haikuiba. Haikuvunja ua. Geti ni mimi niliacha wazi. Mama Kananu, nimesema."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi ya nguvu. Walidhani ni utani wa wasanii. Mgeni mmoja wa heshima aliniinamia akaniambia kijana huyu ana ucheshi sana. Sikumjibu, maana nilikuwa namtazama Mama Kananu. Yeye hakucheka. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya watu walioketi, leso mdomoni, na machozi yanamtiririka. Akageuka taratibu, akawatazama waliokuwa nyuma yake, mstari baada ya mstari mpaka ukutani, kuhakikisha kwamba wote wamesikia.

Alipomaliza kuwatazama akapangusa uso, akaita kwa sauti ya mtu aliye shambani kwake, "Haya, Mwenda, shuka twende. Kairu hakamuliwi na mtu mwingine." Mwenda akaniachia tuzo mikononi, akashuka, na wakatoka wawili hao kwa mlango wa mbele kabla chakula hakijaletwa.